Usihofu na Amplifaya ya Kaka

"Mashine ya kaka ikizima siku hiyo, mimi mwenyewe nitasimama mbele yenu niimbe mpaka mgeni wa mwisho aende kwake!"

Maneno hayo yalitoka kwenye kikao cha harusi, mbele ya wazee wa pande zote mbili, mara tu baada ya mjomba wa bwana harusi kupendekeza, kwa adabu zote, kwamba muziki ukodiwe kwa vijana wenye spika za kisasa. Aliyeyasema alikuwa fundi redio, baba mdogo wa bibi harusi. Aliyasema amesimama, kidole juu, kama mtu anayekula kiapo. Watu walicheka, wakapiga makofi, mjomba akakaa chini na soda yake. Muziki ukafutwa kwenye mambo ya kukodi. Mdomo ukamaliza kazi yake, ukaenda kula biskuti. Kichwa kikabaki kusubiri hukumu.

Fundi huyo watu walimwita Usihofu. Si jina alilopewa na wazazi, ni jina alilojitafutia. Mteja akija na pasi inayopiga shoti, anaambiwa usihofu. Akija na redio inayonguruma kama tumbo la mwenye njaa, usihofu. Kuna mama aliwahi kuingia kuuliza choo kiko wapi, naye akaambiwa asihofu. Duka lake lilikuwa chumba chembamba chini ya ngazi, ukuta mmoja na fundi cherehani, chumba ambacho mtu mnene aliingia kwa ubavu na kutoka kinyumenyume. Humo mlikuwa na harufu ya risasi ya kuchomelea, na redio zilizopangwa mpaka darini, nyingi zikiwa zimesahauliwa na wenyewe.

Ila tusimwonee. Kazi aliijua. Juu ya meza yake ilining'inia balbu ya kawaida, ile ya kioo ya zamani, iliyofungwa kwenye waya ili umeme upite kwanza kwake kabla ya kufika kwenye kifaa kinachotengenezwa. Aliiita Shahidi. Ukichomeka kifaa kizima, Shahidi anamweka kidogo, mwako wa mara moja, kisha anafifia, kama mtu aliyeamka, akaona hakuna la maana, akarudi kulala. Ukichomeka kifaa chenye shoti, Shahidi anawaka kweupe na kubaki macho. "Mteja anaweza kudanganya," Usihofu alikuwa akisema. "Fundi anaweza kudanganya. Shahidi hana ndugu."

Msemo mzuri. Angeuandika kwenye kioo cha kujitazamia.

Kaka yake watu walimwita Sahani, kwa sababu ya sahani za santuri. Alifanya kazi kwenye tanuri la mikate maisha yake yote ya ujana, na mshahara ambao wenzake walinunulia viatu, yeye aliununulia santuri na ile amplifaya: kisanduku kizito cha mbao, uso wa bati linalong'aa, vifundo vikubwa vinavyozunguka taratibu kama mlango wa benki. Kaka akipiga muziki, mdogo akitengeneza kilichoharibika. Walikuwa chanda na pete. Binti wa Sahani alijifunza kutembea akishikilia spika ya mashine ile, na kila alipolia alipigiwa santuri moja tu, ile yenye tarumbeta, mpaka akanyamaza au akasinzia.

Ndiyo maana Sahani, ambaye sasa alikuwa mzee wa magoti mabovu na maneno machache, alikuwa na ombi moja tu juu ya harusi ile. Chakula wapange wao. Nguo wachague wao. Yeye alitaka kumtoa mwanawe nyumbani kwa ile ya tarumbeta, aipige kwa mkono wake mwenyewe, kwenye mashine yake mwenyewe.

"Lakini inapata moto, mdogo wangu," alisema alipomletea, siku chache baada ya kikao. Aliibeba mwenyewe, magoti na yote. "Zamani ilikuwa vuguvugu. Sasa huwezi kuweka mkono. Na fyuzi inakatika. Naweka nyingine, inapiga sahani mbili tatu, inakatika."

"Usihofu."

"Mimi sihofu. Nakuuliza itapona?"

"Kaka, wewe umeshawahi kuona mimi nimeshindwa na mashine hii?"

Fundi cherehani akaongea kutoka upande wa pili wa ukuta, maana ukuta ule ulikuwa wa mbao na masikio yake hayakuwa ya mbao. "Mzee, mwulize vizuri. Redio yangu nilimpa mwaka wa kampeni. Rais ameshastaafu."

"Wewe shona suruali za watu!" Usihofu akamjibu, na wote watatu wakacheka, na Sahani akaondoka bila jibu la swali lake.

Usihofu alianza kazi inavyotakiwa. Ilikuwa asubuhi, mwanga mzuri unaingia mlangoni. Alifungua kifuniko, akapuliza vumbi la harusi za watu ambao sasa wana wajukuu, akachungulia. Mashine ikipata homa, alikuwa akiwafundisha wengine, usimlaumu mgonjwa. Angalia nani anamlisha na nani anamla. Anayelisha ni transfoma, lile bonge la chuma na waya wa shaba linalopokea umeme wa ukutani na kuupunguza. Basi alikata kwanza nyaya zote zinazotoka kwenye transfoma, ikabaki peke yake kama mjane, akaichomeka kupitia kwa Shahidi. Balbu ikamweka, ikafifia. Akangoja kwa muda wa kunywa kikombe cha chai bila haraka, akaweka mgongo wa mkono kwenye chuma, kama mama anayepima homa ya mtoto. Baridi. Transfoma haina kosa.

Akaunga diodi, zile punje zinazouelekeza umeme njia moja. Balbu kimya. Akaunga kapasita mbili kubwa, zile zinazofanana na makopo ya maziwa, ambazo kazi yake ni kutuliza umeme usije na mngurumo. Shahidi akafungua jicho. Hakuwaka kweupe, hapana; alibaki mwekundu hafifu, kama jicho la mlevi anayejidai yuko sawa. Na kadiri muda ulivyokwenda, wekundu uliongezeka.

Fundi akachomoa kapasita moja. Wekundu ukabaki. Akairudisha, akachomoa ya pili. Balbu ikazima.

Haya, mwizi amepatikana. Kapasita ile ilikuwa imevimba kichwa, imechoka, ikiwa baridi inavumilia, ikipata moto inavuja umeme ndani kwa ndani, na transfoma maskini inafanya kazi ya watu wawili kuilisha. Fyuzi ilikuwa inakatika kwa sababu ndiyo kazi yake. Katika mashine nzima fyuzi ndiyo pekee iliyoajiriwa ili ife kabla ya wengine.

Akazunguka maduka yote ya vipuri mjini. Kapasita za umbo lile zilikuwepo, lakini za volti pungufu, ukiziweka zitapasuka. Yenye volti kamili iagizwe, itakuja na mtu, na mtu mwenyewe hajasafiri bado. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo, maana Usihofu mwenyewe amesimama hapa mara nyingi tangu siku ile, tena akiwa kitandani, akiwa njiani, akiwa na bisibisi mkononi mbele ya mteja anayemwona ameganda. Njia ilikuwa wazi na fupi. Ilikuwa atembee mpaka kwa kaka yake, avue kofia, aseme: kaka, ugonjwa nimeuona, dawa sina kwa sasa, tukodi kwa wale vijana. Sahani angekuna goti, angesema sawa. Wangempa kijana wa spika ile santuri, wangetafuta jinsi. Basi.

Lakini kila alipojiona akifika pale, alimwona na mjomba wa bwana harusi, na soda yake. Alisikia yale makofi.

Jioni ya kuamkia siku ya kuichukua mashine alikaa mezani kwake akiwa na pakiti tupu ya sigara ya mteja. Ndani ya pakiti mna ile karatasi inayong'aa kama fedha. Kila fundi wa mtaani anaijua. Ukiisokota kwenye fyuzi iliyokatika, umeme unapita, na haikatiki tena, hata mashine ikiomba kufa. Yeye mwenyewe alikuwa akiwatukana mafundi wanaofanya hivyo. Aliwaita wauaji wenye bisibisi. Na kaka yake ndiye aliyemfundisha hilo, wakiwa vijana, siku redio ya kwanza ya nyumbani ilipoungua kwa ujanja wa jirani: "Fyuzi ikikatika inakuambia kitu. Usiizibe mdomo."

Akaisokota. Akaunga tena nyaya zote, na ile kapasita mbovu mahali pake, akafunga kifuniko. Akatoboa nyuma na kupachika feni ndogo ya kompyuta, ili impulizie mgonjwa ambaye yeye mwenyewe alikataa kumtibu. Aliukata ule waya wa Shahidi, akauweka pembeni, akachomeka mashine moja kwa moja ukutani, kwa sababu hakutaka kutazamwa na balbu.

"Imepona?" Sahani alimwuliza alipoifuata.

"Usihofu, kaka."

"Ilikuwa nini?"

"Vumbi."

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Mashine iliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, pembeni yake gramafoni ya kuzungushia santuri, Sahani nyuma yake amevaa suti ya kijivu iliyokuwa na mabega mapana kuliko yake, anafuta kila santuri kwa kitambaa laini kabla ya kuiweka. Na ikalia! Tusiinyime haki yake. Ililia kwa sauti ile nzito, ya joto, ambayo spika za kisasa haziijui, mpaka mjomba wa bwana harusi mwenyewe akaja kumshika Usihofu mkono. "Fundi, nimekubali. Nilikuwa mjinga."

"Nilikuambia," alisema Usihofu, na kwa dakika ile aliamini kweli kwamba ilikuwa vumbi.

Halafu akapita nyuma ya meza, kama anaokota kitu, akaweka mgongo wa mkono kwenye kifuniko. Aliuondoa haraka. Akasogeza feni kidogo kushoto. Akaisogeza kulia.

Mke wa Sahani, mama wa bibi harusi, akamfuata pale. "Shemeji, kuna kitu kinaungua."

"Usihofu, shemeji. Ni huko jikoni."

"Jikoni wamemaliza kupika tangu asubuhi."

"Basi ni sufuria."

Alimtazama, yule mama, kisha akaenda zake, kwa sababu watu walikuwa wanamwita, na kwa sababu hakuwahi kumsikia shemeji yake akisema "usihofu" kwa uongo.

Bibi harusi akasimama katikati ya ukumbi. Sahani akaitoa santuri ya tarumbeta kwenye bahasha yake ya karatasi, akaipuliza, akaiweka, akashusha sindano kwa kidole, kisha akatembea na magoti yake mabovu mpaka kwa mwanawe. Tarumbeta ikaanza. Watu wakaweka vijiko chini. Baba na binti wakaanza kuyumba taratibu, yeye amefumba macho, binti ameegemeza kichwa pale penye bega pana la suti.

Mngurumo ulianza chini ya muziki, kama lori linalokuja kutoka mbali. Ukapanda. Tarumbeta ikakwaruza, ikakoroma, na moshi mweupe ukatoka kwenye matundu ya juu, mwembamba, wenye harufu ya rangi iliyoungua. Kisha kimya.

Lakini santuri haikusimama. Gramafoni ilikuwa na umeme wake, ikaendelea kuizungusha, na katika ukumbi ule uliojaa watu wasiopumua, sindano peke yake ilisikika ikiupiga wimbo kwa sauti nyembamba kama ya mbu. Baba na binti hawakuachana. Waliendelea kuyumba kwa sauti ile ya mbu, hatua moja, nyingine, kwa sababu hawakujua la kufanya.

Na hapo, kutoka meza ya nyuma, mtu mmoja akapaza sauti: "Fundi! Imba basi!"

Kicheko kikaanza upande mmoja. "Imba! Imba!" Hawakuwa na ubaya, wale watu, walikuwa wameshiba na walikuwa na kumbukumbu nzuri ya kikao. Usihofu akasimama. Akafungua kinywa. Wimbo ule aliujua tangu ujana, na tarumbeta yake, na maneno yake yote. Binti alikuwa anamtazama juu ya bega la baba yake, macho yamejaa, anamsubiri. "Baba mdogo," midomo yake ilisema bila sauti. Angeweza kuimba vibaya. Angeweza kupiga mbinja tu. Alisimama pale na kinywa wazi kama kapu, mpaka mjomba wa bwana harusi, bila neno la kejeli, akainuka akaenda kuleta spika ndogo iliyokuwa kwenye gari lake, akaichomeka simu.

Sahani alichomoa waya wa mashine yake. Akaukunja vizuri, kama alivyoukunja siku zote. Akafungua kile kifuniko kidogo cha fyuzi kilichoko nyuma, akaitoa kwa leso maana ilikuwa ya moto, akaiinua kwenye mwanga. Karatasi ya sigara ilimeremeta.

"Ulijua?" aliuliza.

"Kaka, vipuri havikuwepo, nilizunguka mji mzima..."

"Sikuulizi vipuri. Ulijua?"

"Nilijua."

Sahani akaikunja leso na fyuzi yake ndani, akaitia mfukoni. "Ungeniambia tu, mdogo wangu. Ningekodi."

Hakumtukana, hakumnunia, hata salamu hakumnyima. Wangegombana ingekuwa nafuu. Ugomvi una siku yake ya kupatana. Ila baada ya wiki chache Usihofu alikuwa amekaa mlangoni pake, akamwona kaka yake akipita upande wa pili wa barabara na pasi mkononi, waya wake umekunjwa vizuri, anaelekea kwa fundi wa mtaa wa pili. Fundi ambaye Usihofu alimwita muuaji mwenye bisibisi. Sahani alimpungia mkono. Usihofu naye akapunga.

"Ile pasi si ya kaka yako?" akauliza fundi cherehani.

"Ndiyo."

Fundi cherehani akavuta uzi mwingine. Akarudi kwenye mashine yake na kushona mshono mrefu sana kwa suruali fupi.

Mtaani lile jina la zamani likafa. Wakamwita Imba. "Imba, redio yangu tayari?" "Imba, una betri?" Alizoea, kama mtu anavyozoea jiwe ndani ya kiatu. Neno lenyewe la usihofu likamtoka mdomoni. Wateja wakawa wanaambiwa: sijui, niache niangalie. Wengine walimkimbia kwa hilo. Fundi asiyejisifu anatia shaka.

Amplifaya alikuwa ameiomba kwa shemeji yake, ambaye alimpa bila kumtazama usoni. Aliifumua transfoma yote, waya uliokuwa mweusi kama nywele zilizoungua, akanunua shaba mpya, akaisuka upya kwa mkono, akihesabu mizunguko mpaka kichwa kikazunguka nayo, akikosea, akifumua, akianza tena. Kapasita iliagizwa, ikaja. Ile feni akaitupa na tundu lake akaliziba. Akamfunga tena Shahidi mahali pake, akachomeka. Balbu ikamweka, ikafifia. Akaweka mgongo wa mkono kwenye chuma na kuuacha pale, muda mrefu kuliko kipimo kinavyohitaji. Vuguvugu tu, kama shavu la mtu aliyelala.

Kabla ya kuipeleka alipita kinyozi, aonekane mtu wa maana. Akakaa kwenye kiti, akainua macho kwenye kioo, na nyuma yake ukutani akaona santuri. Safu nzima, zimepigiliwa misumari kama mapambo. Moja ilikuwa imefanywa saa, mishale miwili inatoka kwenye tundu la katikati. Jina la wimbo lilikuwa linasomeka bado, kinyumenyume kwenye kioo. Ile ya tarumbeta.

"Nzuri, eh?" kinyozi akasema, mkasi juu. "Mzee mmoja kanipa zote. Anasema hana pa kuzipigia. Inamisha kichwa."

Usihofu akainamisha kichwa.

Hata hivyo alikwenda. Alikuwa ameshaifunga kwenye shuka, na hakujua mahali pengine pa kuipeleka. Sahani alimfungulia mlango, akamkaribisha, akamwekea kiti kile cha wageni, chenye mto. Shemeji akaleta soda kwenye sinia. Walikaa kama watu waliokuja kuposa.

"Nimeitengeneza, kaka. Safari hii kila kitu. Chomeka uone."

"Haina haja ya kuchomeka," alisema Sahani. "Iweke pale dirishani."

Usihofu akaiweka. Shemeji yake akaja akatandaza kitambaa cha kufuma juu yake, akaweka chombo cha maua. Ilikaa vizuri. Ungedhani ilitengenezwa kwa kazi hiyo.

Sahani akainuka polepole, akashika goti, akaizunguka mpaka nyuma. Akafungua kile kifuniko kidogo, akatoa fyuzi, akaipeleka dirishani, akaigeuza kwenye mwanga, upande huu, upande ule. Mdogo wake alisimama akimtazama anavyoikagua.

"Hii ya kweli?"

"Ya kweli, kaka."

Akairudisha mahali pake. Akafunga kifuniko kwa kidole gumba.

"Siku hizi fyuzi moja bei gani?"

"Shilingi mia mbili."